Mwenye nyumba amekata dipoziti yote ya 400,000 na bado ananidai 257,000 (Nyasaka, Mwanza)

Mpangaji_Nyasaka

Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaoifahamu vizuri mikataba ya pango.

Nyumba ipo Nyasaka, Ilemela: chumba na sebule, jiko na choo ndani, kodi 200,000 kwa mwezi. Mkataba ulianza 1 Septemba 2023, ukahuishwa mara moja, ukaisha 31 Agosti 2025. Dipoziti ni 400,000 na mkataba unasema "itarejeshwa siku ya kukabidhi nyumba baada ya kuondoa gharama za uharibifu na madeni." Tumesaini wote wawili mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Mzee mwenye nyumba ameleta mchanganuo huu kwa WhatsApp:

Rangi ndoo 3 za lita 20: 270,000
Ufundi wa rangi: 80,000
Kitasa cha mlango wa choo: 35,000
Vigae viwili vya sebuleni vimepasuka: 30,000
Deni la maji: 22,000
Usafi: 20,000
Kodi ya mwezi mmoja kwa kutotoa notisi ya maandishi: 200,000

Jumla 657,000. Kwa hiyo dipoziti yote imekwenda na anadai niongeze 257,000. Nilimwarifu kwa WhatsApp tarehe 25 Julai kwamba sitahuisha mkataba, akajibu "sawa". Kitasa ni kweli niliharibu mimi, na maji ni kweli nadaiwa. Je, hayo mengine ni halali? Na nikitaka kudai niende mlango gani: mtaa, kata, polisi au mahakamani?

---

Msaidizi_wa_Kisheria_Mza

Ndugu, usibishane na hiyo 657,000. Bishana na mstari mmoja mmoja. Wapangaji wengi hushindwa kwa sababu hujibu jumla kwa jumla: "nirudishie pesa yangu yote." Mwenye nyumba akionyesha jambo moja tu la kweli, kama hicho kitasa chako, basi msikilizaji anaanza kuamini na mengine sita.

Nianze na msingi. Tanzania hatuna sheria inayopanga kiwango cha juu cha dipoziti wala siku za kuirudisha. Sheria ya zamani ya udhibiti wa pango ilifutwa mwaka 2005. Kinachokulinda ni mkataba wenu, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) na Sheria ya Ardhi ya 1999 (Sura ya 113). Kifungu cha 89 cha hiyo ya Ardhi kinamtaka mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoikuta, lakini kinatoa nje uchakavu wa kawaida unaotokana na matumizi. Rangi kupauka, mlango kulegea bawaba, sakafu kupoteza mng'ao, hayo ni mambo ya mwenye nyumba. Kodi uliyomlipa kwa miezi 24 ndiyo malipo ya uchakavu huo.

Sasa notisi. Rudi kwenye mkataba usome kifungu chenyewe neno kwa neno. Mikataba mingi ya huku inasema hivi: mpangaji *akitaka kuhama kabla ya muda kuisha* atoe notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi. Kama chako kimeandikwa hivyo, hakikuhusu, kwa sababu hukuvunja mkataba katikati; muda uliokubaliwa ulifika mwisho wake. Hali ingekuwa nyingine kama mkataba ungekuwa umeisha zamani na wewe ukaendelea kukaa na kulipa kila mwezi. Hapo inahesabika kuwa pango la mwezi hadi mwezi, na notisi yake haipungui mwezi mmoja.

Na hata kama mkataba ungetaka notisi kwa vyovyote, ujumbe wa WhatsApp ni maandishi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Tarehe 25 Julai hadi 31 Agosti ni zaidi ya mwezi, na "sawa" ya mzee ni kukiri kwamba ameupata. Usifute mazungumzo hayo, usibadili simu bila kuyahifadhi, na uyachapishe yakionyesha namba ya mzee na tarehe. Ile 200,000 haina pa kusimama.

Usafi 20,000: kama nyumba uliifagia na kuipiga deki, kataa. Kama uliacha takataka au jiko lenye mafuta ukutani, lipa, maana hicho si kiasi cha kupelekana mahakamani.

Rangi na vigae namwachia fundi aliye humu.

Kuna jambo moja hukulitaja. Tazama ujumbe wa Luku kila ulipokuwa unanunua umeme. Kodi ya jengo hukatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, si ya mpangaji. Kama mita yako ndiyo iliyobebeshwa na mkataba hausemi kwamba utailipa wewe, basi 1,500 mara 24 ni 36,000 anazopaswa kukurudishia. Lakini hakiki kwanza. Nyumba yenye mita kadhaa kwenye jengo moja, kodi huwekwa kwenye mita moja, na huenda si yako. Usidai kitu ambacho risiti zako hazikionyeshi.

---

Fundi_Rangi_Igoma

Kuhusu ndoo tatu, tupige hesabu.

Chukua chumba cha mita 3.6 kwa 3.3, urefu wa ukuta 2.8. Mzunguko ni mita 13.8, mara 2.8 unapata mita za mraba 38.6. Toa mlango na dirisha, zinabaki kama 35. Sebule ya mita 4.5 kwa 4, mzunguko 17, mara 2.8 ni 47.6, toa milango miwili na dirisha, inabaki kama 41. Kwa pamoja 76. Ukipiga mikono miwili ni 152.

Lita moja ya rangi ya maji kwenye ukuta uliopigwa skimu vizuri hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja. Tuseme plasta ni ya kukwaruza, inanyonya, ufunike 8 tu. 152 gawa kwa 8 ni lita 19. Hiyo ni ndoo moja ya lita 20. Ukiongeza kuta za jiko na choo, ambazo nyingi zina vigae mpaka kati, utahitaji galoni moja ya lita 4 juu yake, labda mbili. Ndoo tatu ni za nyumba nzima pamoja na nje. Pima vyumba vyako hasa, uandike hesabu hii kwenye karatasi. Inaonyesha wazi kwamba hata kama rangi ingekuwa juu yako, kiasi si hicho.

Halafu uliza: ukuta una nini? Kuna vitu vitatu watu huvichanganya.

Ukuta unaobanduka rangi kuanzia chini sakafuni hadi usawa wa kiuno, una unga mweupe wa chumvichumvi: huo ni unyevu unaopanda kutoka ardhini. Msingi haukuwekwa nailoni au kizuizi cha maji. Mwanza hili ni la kila siku, hasa nyumba zilizochimbiwa kwenye miteremko ya mawe. Ukuta wa nyuma unaegemea udongo, mvua za masika zikinyesha maji yanashuka juu ya jabali na kuingia ukutani. Mpangaji hawezi kuusababisha wala kuuzuia. Na ukipaka rangi juu yake bila kutibu, miezi michache inabanduka tena.

Madoa ya duara ya kahawia kwenye dari au juu ya ukuta: bati linavuja au misumari imelegea. Ni ya mwenye nyumba, ila mpangaji alipaswa kutoa taarifa mapema. Ukikaa kimya mpaka jipsam ikadondoka, utaulizwa.

Kuvu nyeusi kwenye pembe za juu na nyuma ya kabati: hewa haizunguki. Kupikia ndani na jiko la mkaa huku madirisha yamefungwa, kuanika nguo chumbani. Hapa mpangaji ana sehemu yake, na mara nyingi kufuta kwa maji yenye jiki kunatosha, hakuhitaji ndoo ya rangi.

Michoro ya watoto, matundu ya misumari, alama za gundi: ni ya mpangaji, lakini gharama ni ya kuziba na kugusia sehemu hiyo, si kupaka nyumba nzima. Ugumu unakuja rangi ya zamani ikiwa imepauka, kiraka kinaonekana. Hata hapo utalipia ukuta ule mmoja, kona hadi kona.

Vigae: gonga kwa kifundo cha kidole au kwa sarafu, kile kilichopasuka na majirani zake. Kikitoa mlio wa utupu, chini hakina saruji ya kutosha. Fundi aliweka madonge matano badala ya kutandaza. Kigae cha namna hiyo hupasuka mtu akikanyaga tu au akiweka mguu wa kitanda. Ufa wake huwa mstari mrefu, mara nyingi unavuka kigae kimoja hadi cha pili. Kigae kilichoangukiwa na kitu kizito, tuseme mtungi wa gesi, kina alama ya shimo dogo na nyufa zinazotawanyika kutoka hapo. Rekodi video ukigonga, sauti isikike. Viwili vinavyofuatana vyenye ufa mmoja ulionyooka, mimi nasema ni kosa la utandazaji.

---

Msimamizi_Nyumba_Bwiru

Niseme kwa upande wa pili kidogo, maana nyumba za kupangisha nazisimamia na si kila mwenye nyumba ni mwizi.

Mkuu, jibu haya kabla hujaandika barua yoyote. Ulibadilisha rangi ya ukuta? Kama uliikuta krimu ukapaka kijivu au bluu bila ruhusa ya maandishi, hapo uchakavu wa kawaida hauingii. Kuirudisha krimu ni gharama yako. Uliangika televisheni ukutani? Funguo ulimkabidhi nani, lini, na nani aliona? Siku uliyokabidhi funguo ndiyo siku pango linapokoma kivitendo. Kama funguo zilibaki kwako mpaka tarehe 10 Septemba, mzee ana haki ya kuzidai siku hizo.

Na swali kubwa: mlikagua nyumba pamoja ulipoingia? Kama hakuna karatasi ya hali ya nyumba ya siku ya kuingia, wote wawili mna tatizo, ila la kwake ni kubwa zaidi. Yeye ndiye anayesema vigae vilikuwa vizima, basi aonyeshe. Nyumba ninazozisimamia hakuna anayepewa funguo bila fomu ya kurasa mbili: kila chumba, idadi ya balbu, swichi na soketi, vitasa na idadi ya funguo zake, masinki, koki, kioo cha kila dirisha, nyavu za mbu, usomaji wa mita ya maji, namba ya mita ya Luku na uniti zilizomo. Picha zinapigwa wote tukiwapo na kutumwa kwenye WhatsApp palepale ili tarehe ibaki kwa pande zote. Siku ya kutoka tunaifungua fomu ileile tunatembea nayo, na ugomvi unakuwa mdogo sana.

Nawasihi wapangaji wengine wanaosoma: msijilipe wenyewe kwa kukaa mwezi wa mwisho bila kulipa kodi mkisema "atajua mwenyewe na dipoziti." Mkataba usiporuhusu, hiyo ni kodi iliyochelewa. Inampa mwenye nyumba sababu ya kukutoa na inakuharibia madai yako ya haki.

---

Mpangaji_Nyasaka

Asanteni sana, mmenifungua macho. Majibu:

Rangi sikubadilisha, ni ileile krimu. Televisheni niliangika, kuna matundu manne ya boliti kwenye ukuta wa sebule. Funguo nilikabidhi 31 Agosti kwa dalali aliyetuunganisha, mzee mwenyewe aliniagiza hivyo kwa ujumbe, maana anaishi Geita. Hatukukagua pamoja wakati wa kuingia wala kutoka, lakini nina picha nilizopiga siku ya kuhamia, bado zipo kwenye simu. Kifungu cha notisi nimekisoma, kweli kinasema "kabla ya muda wa mkataba kuisha." Luku inaonyesha makato ya 1,500 kila mwezi.

Jambo jingine: mpangaji mpya ameshaingia wiki ya kwanza ya Septemba na nyumba haijapakwa rangi. Vigae ni vilevile.

---

Msaidizi_wa_Kisheria_Mza

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, na ungelianza nalo. Kwa Sheria ya Mikataba fidia ni ya hasara iliyopatikana. Kama nyumba imepangishwa bila kupakwa rangi wala kubadilishwa vigae, na kodi haikushuka, hasara iko wapi? Mwambie alete risiti ya duka na ya fundi yenye tarehe baada ya 31 Agosti. Ongea na mpangaji mpya kwa heshima umwombe akuruhusu kupiga picha za kuta na vigae. Asipotaka usimsumbue, anaweza kuitwa kama shahidi baadaye.

Hesabu yako sasa inakaa hivi. Dipoziti 400,000. Toa kitasa 35,000 na maji 22,000, inabaki 343,000. Matundu ya boliti, jitolee mwenyewe kiasi cha kuziba na kupaka ukuta ule mmoja. Muulize fundi wa karibu akuandikie bei, tuseme itoke 30,000. Inabaki 313,000. Ongeza kodi ya jengo 36,000. Unadai 349,000. Deni la maji usilikubali kwa mdomo tu: omba ankara ya MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) yenye usomaji wa mita wa mwisho wa Agosti, usije ukalipia maji ya mpangaji mpya.

Barua ya madai iwe ukurasa mmoja. Tarehe, majina kamili ya wote wawili, nyumba ilipo, tarehe za mkataba, kiasi cha dipoziti na namba ya muamala au risiti uliyolipia. Kisha jedwali: alichodai, unachokubali, unachokataa na sababu kwa mstari mmoja. Mwisho kiasi unachotaka, namba ya simu ya kupokelea, na muda. Siku 14 ndizo zinazozoeleka. Ambatisha nakala za mkataba, picha, ujumbe wa 25 Julai na ujumbe wa kukuagiza funguo kwa dalali. Nakala asili baki nazo. Usiandike matusi wala vitisho, wala "nitakupeleka polisi." Deni la mkataba si jinai na polisi hawakusanyi madeni, ukianza huko unapoteza wiki nzima.

Peleka nakala ofisi ya mtendaji wa mtaa igongwe muhuri wa kupokelewa. Mwenyekiti aliyeshuhudia mkataba anaweza kuwaita mkasuluhishwa, na mengi huishia hapo, kwa sababu mwenye nyumba hapendi jina lake lijadiliwe mtaani anakotafutia wapangaji. Mkikubaliana, iandikwe: kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi. Ahadi ya mdomo mbele ya mwenyekiti ni ngumu kuithibitisha baadaye.

Akigoma, kwa madai yako mlango ni Mahakama ya Mwanzo. Unadai fedha inayotokana na mkataba, na Mwanzo ina mamlaka juu ya deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30. Baraza la Ardhi na Nyumba ni la migogoro ya ardhi na nyumba yenyewe: kufukuzwa, umiliki, mipaka. Huko lazima kwanza upite Baraza la Kata kwa usuluhishi, na tangu marekebisho ya 2021 Baraza la Kata halihukumu tena, linasuluhisha tu ndani ya siku 30. Watu hupeleka dipoziti huko, wanazungushwa, mwisho wanaambiwa dai lao ni la fedha.

Mwanzo utajaza hati ya madai, utapewa namba ya malipo ya ada, na mdaiwa atapelekewa wito. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili na unaweza kujisimamia mwenyewe. Fika na nakala tatu za kila kitu: ya mahakama, ya mdaiwa na yako. Ukishinda, omba na gharama za kesi. Asipolipa kwa hiari unarudi kuomba kukazia hukumu. Haijitekelezi yenyewe, na wengi hukomea kwenye ushindi wa karatasi kwa kutolijua hilo. Asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Wasiwasi mmoja: ushuru wa stempu. Mkataba wa pango hulipiwa TRA, asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Kwako ni 24,000 kwa mwaka, yaani 48,000 kwa miaka yote miwili. Upande wa pili unaweza kuupinga mkataba usiolipiwa usipokelewe kama kielelezo. Unaweza kulipia sasa pamoja na adhabu yake kabla hujafungua, kuliko kukwama katikati ya ushahidi.

Kama gharama inakulemea, tafuta wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017; uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa. Asiye na uwezo huhudumiwa bure.

---

Mpangaji_Nyasaka

Swali la mwisho mkuu. Kwa kuwa mzee yuko Geita, nifungulie kesi huko? Na kama atasema dipoziti alikula dalali?

---

Msaidizi_wa_Kisheria_Mza

Geita huna haja. Mkataba umefanyika na kutekelezwa Ilemela, chanzo cha madai kiko hapa, fungua hapa. Barua mtumie kwa njia mbili: picha yake kwa WhatsApp, na karatasi kwa posta ya rejista au kwa mtu atakayesaini kuwa ameifikisha. Ukitaka wito umfike haraka, andika kwenye hati mtaa na kitongoji anachoishi pamoja na namba yake ya simu.

Kuhusu dalali: mkataba una jina la nani kama mpokeaji? Kama ni la mzee na sahihi ni yake, dalali alikuwa mkono wake tu, wao wamalizane. Ila kama pesa uliituma kwenye simu ya dalali na mkataba hautaji kwamba dipoziti imepokelewa, waunganishe wote wawili kuwa wadaiwa wa kwanza na wa pili. Utoe taarifa ya muamala kutoka mtandao wa simu sasa hivi, kabla rekodi haijazeeka.

---

Msimamizi_Nyumba_Bwiru

Na dalali huyo mwombe aandike mistari miwili leo: alipokea funguo ngapi, tarehe ngapi, saa ngapi. Akisubiri mpaka kesi ifunguliwe atakuwa upande wa anayempa nyumba za kutangaza.